Kikohozi cha Dashaini

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya Dashaini
foleni ya kituo changu hufika kwenye ngazi za mawe.
Wanapanda kutoka bondeni, vikapu mgongoni,
ugwe wa mzigo umekaza kwenye paji la uso,
na hakuna anayesema kilichomleta.
Wa kwanza ana kikohozi.
Wa pili, jino.
Wa tatu anatazama mlima kana kwamba mlima ndio utakaojibu.
Nami kwenye daftari la mlangoni naandika:
kikohozi. Jino. Kikohozi.
Kisha navuta pazia, nauliza kwa sauti ya chini:
"Anatua lini?"

Tarehe tisa, ndege ya usiku kutoka Doha.
Tarehe kumi na mbili, Malesia. Miaka mitatu hajaniona.

Natoa kalenda. Sindano ipe siku saba, nasema,
kabla hujaiamini; usije siku ile basi linapopiga honi.
Vidonge? Kimoja kila jioni, saa ile ile,
na kidonge hakimsamehi msahaulifu.
Vijiti vya mkononi, vyembamba kama njiti za kiberiti,
vingekulinda miaka, ila barabara imeporomoka
na boksi liko ng'ambo ya kifusi tangu Agosti.
Kitanzi hiki hapa. Jina lisikutishe, hakinyongi mtu:
shaba kidogo, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho,
kitakaa mpaka huyu unayemnyonyesha aanze shule na kuichoka.
Hizi za mpira mnazijua. Mnacheka. Chukueni,
ndizo pekee zinazozuia na maradhi ya safari.
Na wale wa kuhesabu siku, wa kuchomoka mapema,
miungu iwape bahati; mimi ndiye nitakayewazalisha.

Hastamaya hakucheka.
Ana mabinti wawili, na mama mkwe
anayetaka mjukuu wa kiume kama mtu anayedai deni.
"Nipe kitu kisicho na pakiti," akasema. "Kisicho na kovu.
Godoro langu hufunuliwa."
Nikamwambia sindano, ila damu yaweza kukatika,
na kwao mwenye damu haingii jikoni;
mkwe yule hahitaji kalenda, huhesabu kwa masufuria.
Akanyamaza. Akakunja mkono wa blauzi.
"Nitatoka jikoni vivyo hivyo, siku nne kila mwezi.
Nitakaa uani niote jua. Apike yeye."

Chuoni hawakutufundisha hilo.
Aibu ya maiti aijuaye mwosha;
ya walio hai naikuta mimi, nyuma ya pazia lenye maua yaliyofifia.

Tularam alikuja Januari, siku ya wapasuaji wa wanaume,
maana hapa wanaamini kidonda hupenda baridi.
Aliuliza swali moja: bado nitabeba gunia?
Utabeba. Lakini miezi mitatu tumia mpira:
bomba likifungwa, maji ya mwisho bado yamo ndani.
Akashuka ngazi kwa miguu iliyotanuka,
mkewe nyuma yake na mwavuli wake na koti lake,
bila neno, kama anayemsindikiza bwana harusi.

Na Phulsani, ambaye alipanda kwa jambo la kinyume:
kitoe. Miaka sita imetosha,
shamba limekombolewa, sasa namtaka mmoja.
Nikakitoa. Akakiomba, akakifunga kwenye pindo la shali.
Katika daftari la ndani nikamwandika kwa wino uleule.

Mkaguzi wa wilaya alipofika, alifungua daftari la mlangoni,
akalipekua mbele, akalipekua nyuma.
"Sista, mbona kijiji hiki hukohoa kila Oktoba?"
"Vumbi, bwana," nikamjibu. "Mabasi ya wanaorudi."
Akaandika: vumbi.
Nje, kwenye ngazi, mwanamke mmoja akakohoa,
mara mbili, kwa adabu.